Chai ya Juu ya Kaburi

Nyanchoka wa Gesima hamwamini mtu anayekuja na maswali. Mwaka aliofiwa na mumewe, Mose, mtu alikuja akauliza habari za ng'ombe, na kabla mvua haijakatika ng'ombe akawa zizini kwa wengine. Kwa hiyo kijana Ian wa chuo kikuu aliposhuka kwenye boda boda, yeye aliendelea kuchuma chai.

"Mama, tunafanya utafiti. Bei ya chai hii inaamuliwa mbali. Tunataka kujua nani anafaidi."

"Na wewe umetumwa na nani?"

"Chuo kimoja cha Ulaya."

"Haya. Umeshamjua anayefaidi."

Ian alicheka, kisha akaomba wazunguke mipaka, simu yake ichore shamba. Nyanchoka aliona alama nyekundu ikitembea kwenye kioo kila walipopiga hatua. Hati ya shamba bado ina jina la baba mkwe, marehemu. Ardhi ikichorwa, aliwaza, kesho inakuja kuchukuliwa. Walipofika kwenye kaburi la Mose, katikati ya mteremko, akasimama.

"Langu linaishia hapa."

"Na chai ile ya juu?"

"Si yangu."

Mtu akakohoa nyuma ya majani marefu ya kulisha ng'ombe. Makori, ndugu ya marehemu Mose, akatokea na panga.

"Asante kwa kusema ukweli, shemeji. Miaka sita nawaambia wazee hivyo hivyo, kwamba chai ya juu ni yangu. Kijana, umeandika?"

"Nimeandika."

Nyanchoka akamgeukia Ian.

"Futa."

"Mama, jibu likishaingia halifutiki."

"Basi andika lingine." Alimshika mkono, wakampita Makori, wakapanda. "Mstari huu wa chai tuliupanda na Mose, mwanangu Linet akiwa mgongoni. Na huu. Na ule. Sasa niulize tena, kwa sauti."

"Shamba lako ni lipi, mama?"

"Kutoka hapa juu mpaka mtoni kule chini!"

Makori alicheka. "Majibu mawili, mdomo mmoja. Huko Ulaya wataamini lipi?"

Ian aliinamia simu. Nyanchoka alimtazama, akamtazama na Makori, asione tofauti kubwa. Akatua kikapu katikati ya chai ya juu, akaanza kuchuma huku uso ameuelekeza kwao wote wawili.