Kuku Aliyepita Mbele ya Philomena

Saa tatu asubuhi umeme unarudi Kasulu, na Longinus Majaliwa anawahi mezani kabla haujaghairi. Mbele yake zipo deki tatu kuukuu. Anaingiza diski ileile katika kila moja. Ya kwanza inaimba na kuonyesha maandishi. Ya pili inaimba, maandishi hakuna. Ya tatu inazunguka weee, kisha inaitema.

“Diski moja, aliyeichoma mmoja,” anasema. “Sasa hapa mwongo nani?”

Mzee huyu wa miaka 61, aliyeishia darasa la nne, anatengeneza DVD za harusi na kwaya. Alifundishwa na Ndayikunda, Mrundi aliyekuwa na banda la video katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla haijafungwa.

Diski inayomtesa ni ya nyimbo za Kiha za marehemu mkewe, Philomena, aliyeongoza kikundi cha akina mama huko Busunzu. Presha ilimwondoa miaka mitano iliyopita.

“Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta hayakuwepo,” anasema. “Ya gari la mkubwa yalikuwepo. Andika hivyo hivyo.”

Wajukuu wake wanaishi Mwanza na binti yake, Rosa. Kiha hawakijui. Ili wamwelewe bibi yao, Longinus alitumia wiki sita kufasiri mstari kwa mstari, akaweka Kiswahili chini ya picha.

Wazee wa Busunzu wakagoma: maandishi yanafunika miguu ya Philomena anapocheza. Basi akayafanya ya hiari. Ukiyataka, unayawasha kwa rimoti.

“Rimoti nani anayo?” anadakia Tunu, muuza vitenge aliyekuja kurudisha diski yake. “Yangu watoto walishaitumbukiza chooni. Mzee, umeniuzia maandishi uliyoyaficha!”

Kisha kuna habari ya kufuli. Kwenye semina, ofisa mmoja aliwaambia wasanii walinde kazi zao. Namna ya kulinda hakusema. Alikula posho, akaondoka. Longinus akahangaika mwenyewe hadi akapata programu ya kompyuta inayozuia diski isinakiliwe. Akaipeleka diski ofisini kwao kuisajili.

“Mzee, tunataka nakala, na hii haikubali,” ofisa akamwambia.

“Si mlisema tulinde?”

“Tulisema mlinde. Hatukusema mtufungie na sisi!”

Mpaka leo hajui alikosea wapi. Anachojua ni kwamba diski aliyompelekea Rosa kwa basi nayo iligoma kucheza.

Halafu mwezi uliopita Rosa akapiga simu huku analia. “Baba, tumemwona mama! Watoto wanaimba naye.” Jirani yake alikuwa amenunua diski Kibondo, kwa mchuuzi, shilingi elfu mbili. Longinus anauza yake elfu tano.

Akafunga safari hadi Kibondo, akainunua kazi yake mwenyewe. Deki zote tatu zikaicheza. Maandishi yapo, rimoti haitakiwi. Ila picha imeinama kidogo, na katika wimbo wa tatu kuku mkubwa anapita mbele ya Philomena.

Mwizi hakugusa kufuli. Aliwasha maandishi, akaketi sebuleni kwake, akairekodi runinga kwa kamera. Kuku alikuwa anajipitia zake.

“Nicheke au nilie?” Longinus anauliza. “Mimi nimefunga, wajukuu wamekosa. Yeye kaiba, wamepata.”

Mpango wake sasa ni kuchoma upya bila kufuli: diski za Busunzu zisiwe na maandishi, nyingine yawepo moja kwa moja. Na mwizi?

“Nikimpata nitamtukana mpaka jua lizame.”

“Basi kwenye diski mpya kuku wake utamwondoa,” Tunu anamtania.

Longinus anaitazama deki ya tatu, ile iliyokuwa ikitema. Mjukuu wake mdogo, anasema, anataka kujua jina la kuku wa bibi.

“Nimeshamwambia anaitwa Rehema. Sasa nikimwondoa, nitasema amekwenda wapi?”