Mwarobaini wa Harusi ya Dada

Dada yangu mkubwa alianza kujikuna harusi ikiwa imekaribia. Upele ulianzia katikati ya vidole, ukapanda kwenye viwiko, ukamshika kiunoni. Zahanati ya pale Mpemba walimpa dawa nyeupe ya kupaka, lakini muwasho haukumwacha alale. Baba akaanza kusema tuwaombe wakwe wasogeze siku. Mama hakutaka hata kusikia. Mchele ulishapepetwa na gauni lilishashonwa.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, aliishi bondeni Momba, kwenye joto, ambako mwarobaini huota hata pasipotakiwa. Kwetu Mpemba baridi iliua kila mche aliotuletea. Alipopata habari alipanda lori la mpunga na kushuka barabarani na gunia limejaa matawi mabichi. Alimtazama dada vidole, halafu akatutazama sisi wote.

"Huyu haoshwi peke yake," alisema. "Mnalala nyumba moja, mtaoga wote. Na mashuka yote yachemshwe."

Nyuma ya nyumba tukainjika sufuria kubwa la kupikia pombe. Majani yalichemka mpaka maji yakawa rangi ya chai ya rangi, na harufu yake kali ikaingia mpaka kwenye unga. Tuliambiwa tusijifute, maji yakauke mwilini. Nilijilamba midomo kwa bahati mbaya, na uchungu ule ukakaa nami hadi wakati wa kula.

Baba alikataa kuoga. "Mimi siwashwi, dada."

"Jana ulikuwa unajisugua kwenye mlango kama ng'ombe," shangazi alimjibu. "Chukua ndoo."

Baba akachukua ndoo. Mama alicheka hadi akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu upele uanze, dada naye akacheka.

Katikati ya shughuli hiyo mchumba wa dada akaja kusalimia. Alikuwa kijana mpole, kazi yake kubadilisha kwacha na shilingi pale mpakani Tunduma, na kwao ni Nakonde, upande wa Zambia. Alitoa shikamoo kwa adabu zote, akaketi. Shangazi akawa anamwangalia tu. Kijana alijizuia, akajizuia, mwisho akaupeleka mgongo kwenye kiti na kuusugua taratibu.

"Na huyu mwekeeni ndoo yake," shangazi alisema.

Baba akatazama dari. Dada akainamisha kichwa.

"Nilimwazima sweta, baba," kijana alisema. "Siku ile ya mvua. Baridi ilikuwa kali."

"Sweta," baba alirudia.

"Ndiyo, baba. Sweta tu."

Shangazi akamkabidhi ndoo na taulo, akamwonyesha njia ya uani. Baba alijitahidi kukunja uso, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tuliendelea hivyo kila jioni, dada akipaka na ile dawa ya zahanati. Sijui kama ni dawa ile, ni majani, au ni mashuka kuchemshwa. Ninachojua ni kwamba muwasho ulipungua, dada akalala, na ngozi ikaanza kukauka. Harusi haikusogezwa.

Kanisani tulinuka mwarobaini ukoo mzima, manukato ya dukani hayakufua dafu. Mama mkwe alipomkumbatia dada mlangoni alivuta pumzi, akamnusa tena shingoni, halafu akamnusa mwanawe.

"Mbona mnanukia sawa?" aliuliza kwa Kinamwanga.

Shangazi alimshika mkono akamvuta pembeni kumweleza. Hatukusikia maneno, tuliona tu mama mkwe akiinama na kushika magoti kwa kicheko. Waliporudi walikuwa wameshikana viuno, na ngoma ilipoanza hao wawili ndio waliotangulia uwanjani, maharusi wakifuata nyuma yao.