Mama Vioo na Korido Iliyoua Ndege

Nyinyi mnaosoma hapa mna tabia moja inayochosha. Ikiwekwa picha ya tembo aliyeuawa huko porini, mnalia mpaka simu inalowana, mnawatukana wawindaji, mnaisambaza kwa mashangazi wote. Ila ndege akikutwa amekufa mbele ya mlango wenu wenyewe, mnamsogeza kwa ncha ya kiatu, safari inaendelea. Hakuna anayeuliza kafa na nini. Basi tulieni kidogo mumsikie mama mmoja aliyeuliza, na jibu alilolipata likamkaa kooni.

Hospitali nzima ilimwita Mama Vioo. Hata mishahara ikichelewa na watu wakaitana kwa majina kamili kwenda kulalamika, yeye alibaki Mama Vioo. Alianza kazi akiwa binti wa miaka ishirini na moja, kwenye yadi ya mabasi, anafuta vioo vya mbele magari yakirudi safari. Huko ndiko alikompata mumewe, dereva, ambaye mpaka leo anawaambia watu kwamba alioa ili basi lake lioshwe kwanza. Kutoka yadini akaenda shule, kutoka shule akaenda benki, na miaka sita iliyopita akaingia hospitali. Ukijumlisha ni miaka ishirini na sita ya kufuta vioo, na hajawahi kurudishwa hata siku moja kurudia kazi.

Kazi yake ilikuwa na mpangilio wake. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na kifuniko kimoja cha siki ndani ya ile ya pili. Raba ya kuvutia maji inaanzia juu inashuka mpaka chini bila mkono kunyanyuka. Halafu gazeti la zamani la kumalizia, lile la wino mweusi mtupu, maana yale ya rangi rangi aliyaona kama uchafu mwingine. Akimaliza anasimama ubavuni, anafumba jicho moja, anakichungulia kioo kwa pembeni kama mtu anayepeleleza mume. Wafagizi wapya aliwaambia hivi: "Kioo ukikiona, bado hujakisafisha."

Hospitali ilipojenga jengo jipya, ilikata miti minne iliyokuwa katikati, ikaliunganisha na lile la zamani kwa korido ya vioo. Hatua thelathini, kioo pande zote mbili, kutoka sakafuni mpaka darini. Upande mmoja wa korido kulibaki miti ya kwenye ukuta wa uzio. Upande wa pili kulikuwa na bwawa dogo. Korido akakabidhiwa Mama Vioo, nani mwingine?

Wiki ya kwanza tu, daktari wa mifupa, bwana mmoja mnene mwenye haraka zake, alijibamiza paji la uso kwenye mlango wa korido akidhani uko wazi. Manesi walicheka mpaka wakashikilia kuta. Mama Vioo alimpa pole kwa sura ya huzuni kabisa, kisha akajifungia kwenye chumba cha mafagio akacheka peke yake kwa raha. Mtu kasoma miaka yote ile, kashindwa kuona kioo chake! Kesho yake mlango ukabandikwa duara jekundu usawa wa macho, ili wakubwa wasiumie tena. Mama Vioo alirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Mwezi uliofuata akaanza kuwaokota.

Wa kwanza alikuwa chiriku, amelala chali chini ya korido, miguu kaikunja kama mtoto aliyelala. Halafu chozi, yule mdogo wa kung'aa, hana uzito hata wa kitufe cha koti. Halafu mbayuwayu. Asubuhi nyingine hakukuwa na kitu, nyingine walikuwa watatu. Mama Vioo aliwafunga kwenye magazeti yake, akawazika kando ya ukuta kwa kijiko cha chai. Hakumwambia mtu. Ila kila akiingia getini alianza kutembea polepole, roho juu, akiogopa kufika koridoni.

Na muuaji alimjua. Nani kama si mtunza bustani?

Huyu mtunza bustani walimwita Majani. Alikuwa mtani wake mkubwa, wanakunywa chai pamoja kila saa nne, anamwita shemeji ingawa hawana undugu wowote. Lakini alikuwa na pampu mgongoni, ananyunyizia mawaridi dawa ya wadudu. Mama Vioo alipomtajia mumewe habari hii wakiwa mezani, yule dereva mstaafu aliweka kijiko chini.

"Unakumbuka kioo cha basi langu zamani? Nikifika mwisho wa safari wadudu wamejaa, wewe mwenyewe unawakwangua kwa kisu huku unanilaani."

"Nakumbuka. Ulikuwa unaendesha kama umewafuata makusudi."

"Basi siku hizi nenda na urudi siku nzima, kioo kama kimelambwa. Wadudu wamekwisha, mke wangu. Madawa kila shamba. Sasa ndege atakula nini, na akimpata huyo mmoja si anakula na sumu yake?"

Mzee wa watu hakukosea kuhusu barabarani. Ila Mama Vioo alilibeba neno lile likiwa la moto mpaka bustanini.

"Kaka, hiyo dawa yako inaua ndege."

"Shemeji, umeamka vibaya? Nanyunyizia waridi, sinyunyizii anga."

"Ndege wanaangukia wapi? Si hapa hapa kwako?"

"Wanaangukia koridoni kwako. Mimi nikisema ni maji yako ya siki, utafurahi?"

"Usinichezee! Mimi nasafisha, wewe unaua."

Akaenda kumshtaki kwa msimamizi wa usafi, kijana nadhifu wa shati la kunyooshwa, ambaye kila Ijumaa alipitisha karatasi nyeupe kwenye vioo kutafuta vumbi. Msimamizi hakutaka makelele. Akamnyang'anya Majani pampu. Wadudu wakayala mawaridi mpaka yakabaki vijiti, na Majani akampa Mama Vioo kisogo. Wiki sita, hakuna chai, hakuna shemeji. Wakikutana njiani, mmoja anageuka kuangalia bwawa, mwingine anaangalia ukuta.

Na ndege wakaendelea kufa. Mama Vioo aliamini Majani ananyunyizia kwa siri. Ukishamchukia mtu, kila kitu kinamfaa.

Ndipo goti likamgomea. Lilivimba, akapewa mapumziko ya wiki mbili. Aliyeshika nafasi yake alifagia sakafu tu, vioo hakuvigusa. Mama Vioo aliporudi, Majani alikuwa anamsubiri getini, kofia mkononi, bila utani.

"Dada." Sio shemeji. "Siku kumi na nne hukuwepo. Nimezunguka pale kila asubuhi. Hajafa hata mmoja."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi. Nimekuhesabia tu. Ila leo usioshe vile vioo, tafadhali. Ngoja kwanza."

Alivitazama vioo vyake. Vumbi, alama za vidole, matope ya mvua yamekauka kwa michirizi. Mtoto wa mgonjwa fulani alikuwa amechora uso unaocheka. Hata wewe ungekuwa yeye ungefanya alichofanya. Aliona Majani anamcheka, anamlipizia pampu yake. Akavuta ndoo. Aliosha kwa hasira kutwa nzima, na jua lilipoelekea kuzama, korido ilikuwa haipo. Ilibaki hewa tupu kati ya majengo mawili.

Kesho yake, saa moja kasoro asubuhi, chozi wawili na tetere mmoja, yule ndugu yake njiwa, walikuwa chini.

Na juu ya kioo kulikuwa na tetere mwingine. Si mwenyewe, ni alama yake. Tetere ana vumbi jeupe kwenye manyoya, na lile vumbi lilikuwa limebaki pale kwenye kioo, mabawa yamefunguka yote, unyoya mmoja mmoja, mpaka duara dogo la jicho. Mama Vioo alinyanyua gazeti afute, kwa mazoea tu, kisha akalishusha.

Akatoka nje. Akaenda mpaka ukutani kwenye miti, akageuka, akainama kidogo akaangalia kutokea kule walikotoka wale ndege. Hakuiona korido. Aliona bwawa, maji yanameta, njia imenyooka pale pale ilipokuwa miti minne ya zamani. Ndege wamepita hapo kwenda kunywa maji tangu kabla hospitali haijafikiriwa. Nani aliwaambia kwamba pamefungwa? Daktari mwenye macho yake na miwani yake alijigonga, na yeye akabandikiwa duara jekundu. Hawa walibandikiwa nini?

Alimkuta Majani anachimba chimba kwenye vijiti vya mawaridi. Akasimama nyuma yake, magazeti yenye ndege yako kwapani.

"Kaka, ni mimi."

"Nimekusikia, dada. Nimejua kishindo cha goti."

"Nasema ni mimi niliyewaua. Si wewe. Nimekuzushia, nimekunyang'anyisha pampu yako, na kumbe ni mkono wangu huu."

Majani alichukua lile furushi la gazeti, akalipima kwa kiganja, akakunja uso. "Pampu nayo haikuwa na maana sana," alisema. "Tangu niiache, vyura wamerudi pale chini ya bomba. Sasa tutafanyaje, shemeji?"

Mama Vioo aliposikia hilo neno la mwisho, machozi yakamtoka, akayafuta kwa gazeti na wino ukambaki shavuni.

Kuacha uchafu hakuweza, msimamizi asingekubali na hata mwili wake ungemgomea. Akaikumbuka sabuni ya mche. Akakata kipande, Majani akamshikia ngazi, akachora mistari myeupe ya kusimama kutoka juu mpaka chini, upande wa nje, upana wa vidole vitatu kati ya mstari na mstari, ili ndege asidhani kuna mwanya wa kupenya. Miaka ishirini na sita alitoa michirizi kwenye vioo, leo anaitia mwenyewe. Mstari wa kwanza ulipinda. Wa ishirini ulinyooka kama rula.

Msimamizi alifika bado wamebakiza kioo kimoja cha mwisho, mwishoni mwa korido.

"Mama, umegeuza hospitali gereza? Keshokutwa wanakuja wakaguzi wa usafi!"

"Najua, mwanangu."

"Basi futa hiyo kitu yote."

"Sifuti."

Mama huyu hakuwa amewahi kumkatalia kijana yule chochote, hata siku ya harusi ya binti yake alipoombwa apite kwanza kazini. "Sifuti," alirudia kwa upole, "mpaka kesho saa moja kasoro usimame pale nje na mimi. Ukishaona, uniamuru."

Alikuja, amenuna, anapiga miayo. Wakasimama karibu na korido, Majani akiwa pembeni. Ndege walitoka mitini kundi kundi, wakaielekea korido kwa kasi, na walipoikaribia mistari wakainuka wote kama shuka lililokung'utwa, wakapita juu ya paa. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha chozi mmoja akajitenga na wenzake, akalenga kile kioo ambacho hakijachorwa. Ilisikika kama mtu kagonga mlango kwa kidole kimoja.

Msimamizi ndiye aliyewahi kufika. Alimwokota, akamweka kwenye kiganja na kukikunja nusu, shati lake la kunyooshwa likagusa matope.

"Mama, anapumua. Nifanyeje? Mama!"

"Usifanye kitu. Mshike tu hivyo hivyo. Mkingie jua."

Walikaa naye muda wa glasi ya chai kupoa. Moyo wa kile kiumbe ulikuwa unadunda mpaka kidole gumba cha kijana kilikuwa kinaruka. Kisha ndege akafumbua macho, akamnyea kiganjani, akaruka. Majani alicheka hadi akakohoa. Msimamizi aliutazama mkono wake, hakuufuta.

"Malizia na kile," alisema.

Wakaguzi walikuja kweli, watu wawili wenye makabrasha. Walipitisha macho koridoni, wakaandika kwenye fomu: vioo, vichafu. Chini yake palikuwa na nafasi ya mhusika kuweka jina na sahihi. Msimamizi alitaka kuwaeleza, akaanza, "Samahani, hii ni kwa sababu ya..." lakini Mama Vioo alimgusa kiwiko. Watu walikuwa na haraka, na yeye hakutaka kuombewa. Alichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, kando ya neno ambalo hakuna aliyewahi kumwandikia. Akalisoma. Nyuma ya mabega ya wakaguzi kundi la chiriku lilipanda juu ya paa, wakiwa kelele tupu. Akatia sahihi, akarudisha kalamu.

Mvua ikinyesha, mistari inaoshwa. Kwa hiyo kila baada ya mvua wako pale, yeye na shemeji yake na ile ngazi.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na usinijibu kwa alama ya moyo. Kesho asubuhi toka nje ya nyumba yako au ofisi yako, simama anapotokea ndege, uangalie dirisha lako kubwa kuliko yote. Ukiona miti na mawingu ndani yake, tafuta kipande cha sabuni uchore mistari, vidole vitatu kwa vidole vitatu, juu mpaka chini. Chora upande wa nje, siyo wa ndani.