Korti Ilimhukumu Mume Wangu, Nikatolewa Mimi

(Mama aliyetuletea kisa hiki ameomba jina lake lisitajwe. Maneno ni yake mwenyewe.)

Wasomaji, mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa upande wa Magharibi, na nimekaa Nakuru tangu nilipoolewa. Mume wangu hufanya kazi ya reli. Tuna watoto watatu. Tulikuwa tumepanga chumba hapa mtaa wa Bondeni kwa mjane mmoja, nitamwita Mama Asha. Alinipokea kama binti yake. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mikononi mwake.

Mume wangu si mtu mbaya akiwa hajanywa. Akinywa huleta wenzake chumbani, na siku moja walipigana mpaka wakavunja mlango wa jirani na kumwumiza jicho kijana wa Mama Asha. Mama Asha akamwambia ahame, akakataa. Mama Asha alipomshtaki ili arudishiwe chumba, mume wangu aliniambia, "Kesi ni yangu, karatasi ya korti ina jina langu. Wewe usijiingize." Kisha reli ikampeleka Tororo. Siku ya kesi ikapita, hakuna mtu wetu aliyekwenda kortini. Mimi nilikuwa nyumbani nafua nguo.

Jumatatu moja akaja tarishi wa korti na askari wawili. Nikamwambia, "Mzee, huyo mnayemtafuta hayupo. Ngojeni arudi."

Akaketi juu ya debe akanieleza bila ukali. "Mama, korti haikumwangalia mumeo peke yake. Imemrudishia mwenye nyumba chumba chake. Wewe unakaa hapa kwa sababu ya mumeo, kwa hivyo haki yake ikiisha, na yako imeisha."

"Na kama ningekuja siku ile?"

"Ungemweleza hakimu kwamba una watoto. Huenda angekupa muda wa kutafuta mahali. Sasa umechelewa, mama."

Watu wanadhani nililia. Sikulia. Niliwaomba askari wafute matope kwenye viatu kabla ya kuingia, kisha nikawasaidia kufungua kitanda. Maharagwe yalikuwa bado motoni. Tarishi aliitoa sufuria mwenyewe kwa kitambaa, akaiweka nje taratibu. Mama Asha alisimama upande wa pili wa ua akiangalia ukuta. Tulipomaliza akafunga mlango.

Sasa tunalala jikoni kwa dada mmoja wa kanisa, maana siku hizi za Hali ya Hatari ukikutwa nje usiku, askari hawakuulizi habari za watoto. Mume wa huyo dada ameanza kunyamaza akiniona. Mtoto wangu mkubwa ameacha kuuliza tutarudi lini.

Juzi Mama Asha alinifuata sokoni. Akasema, "Mwanangu, sikuwa na vita na wewe. Chumba bado ni kitupu. Nitakupangisha wewe, kwa jina lako. Lakini yule mwanamume asikanyage ua wangu. Siku atakapolala humo, na wewe utatoka." Kodi naweza kulipa kwa kufulia watu nguo. Hilo si shida.

Shida ni kwamba mume wangu ametuma habari kwa mwenzake wa reli. Atarudi mwisho wa mwezi, nimpikie kuku. Hajui kama tulitolewa. Nikichukua chumba nitakuwa nimemfungia mlango baba wa watoto wangu, na wakwe watasema nilipanga haya na Mama Asha. Nikikataa, sijui tutalala wapi, na yeye hatakosa wa kunywa naye.

Nimejaribu kukasirika, nimeshindwa. Nikifikiri juu yake akishuka garimoshi, moyo wangu hauendi mbele wala nyuma. Labda nimechoka tu. Labda ndivyo mambo yanavyokwisha.

Mama Asha ataningoja mpaka mwisho wa mwezi huo huo. Nyinyi mnaosoma haya, mlio na waume na mlio na wapangaji, niambieni: siku hiyo niende kwa Mama Asha, au niende stesheni?