Mwanajeshi Asiyeitikia Salamu

Nianze na ujinga wenyewe ili tumalizane nao: nililivisha sanamu la shambani gwanda la jeshi. Nilikuwa darasa la nne, nimepewa kazi ya kuamia ndege kwenye uwele wetu huku Chamwino, na roho yangu yote iko kwenye mpira. Sanamu la zamani lilivaa gunia, na kwelea walishalizoea hadi wanapumzikia kichwani. Nikawaza, ndege gani wa nchi hii asiyeogopa jeshi?

Haya yamenirudia likizo hii, nilipopita pale na kukuta bikoni ya kiwanja imesimama mahali pa sanamu langu. Nayo haiogopwi na ndege yeyote.

Gwanda nililitoa kwenye sanduku la mama. Mama ni mwalimu wa historia, na wakati wenzake wanajaza masanduku vitenge, yeye alikusanya magwanda chakavu ya waliopigana vita vya Uganda. Mengine aliyakuta kwa wachungaji, moja limeziba tundu la panya ghalani. Kila moja alilitafutia mwenyewe, na akimpata, analirudisha kwake au kwa watoto wake. Sanduku lilinuka mwarobaini wa kufukuza nondo, na hatukuruhusiwa kujaribu hata mkono mmoja, maana raia kuvaa gwanda ni kesi. Nilijitetea moyoni kwamba sanamu si raia.

Hili nililochukua mama alilipata kijiji cha Kolo, kwa mchungaji waliyebadilishana naye kwa blanketi. Jina lilishafutika. Wastaafu wote wa kijiji walionyeshwa, na kila mmoja akasema linafanana na lake. Basi wiki ile lilikuwa liende wilayani kwenye maonyesho, na kikaratasi chake: mwenyewe hajulikani. Likishaenda huko, ndiyo basi.

Mpango wangu ulifaulu vizuri mno. Kwelea walihamia kwa majirani. Ila kulikuwa na bibi mmoja, jirani yetu, macho yake yana ukungu, aliyepita pale kila asubuhi kwenda kuokota kuni. Akiliona lile gwanda anasimama na kulisalimia kwa Kigogo: "Mbukwa." Kimya. Mimi nyuma ya mabua nauma shati nisicheke. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akaja jikoni kwetu mama akipika mlenda. Akashitaki kwamba shambani kwetu kuna mwanajeshi, mikono kaitandaza kama anakaribisha wageni, lakini salamu haitikii. Alilelewa wapi huyo?

Mama aliweka mwiko chini. Hakumtazama bibi, alinitazama mimi. Tukaenda shambani watatu, mimi mbele kama mahabusu.

Bibi alilikamata gwanda kifuani, tayari kumtikisa mtu adabu zimrudie. Akakuta kijiti. Kisha vidole vyake vikaanza kushuka, kifungo hadi kifungo, vikagota kwenye kimoja kilichopauka. Sisi siku zote tulidhani ni plastiki. Kilikuwa kibuyu.

"Hiki nimekichonga mimi," alisema. "Cha jeshi alikimeza kifungua mimba wetu."

Mumewe alirudi vitani salama, akafia nyumbani. Baada ya matanga nduguze waligawana nguo zake, kama ilivyo desturi, na yeye hakubakiwa hata na mkanda. Mama alimuuliza, kwa sauti ndogo, mbona hakuwahi kusema.

"Mliwauliza wanaume, mwalimu. Gwanda halimjui mvaaji, humjua mfuaji."

Maonyesho yalikwenda bila gwanda lile. Bibi alilitundika ukutani kwake, na ukipita jioni unamsikia akilisalimia, wala hakulalamika tena kwamba haliitikii. Tangu hapo mama huanza kwa wajane, na sanduku lake siku hizi lina mwarobaini mwingi kuliko nguo.

Bibi ametangulia, na gwanda lilimfunika kwenye jeneza. Uwele wetu umekuwa viwanja, wanajenga watu wa wizarani. Nimesimama pale asubuhi nzima. Wapita njia hawasalimiani, wanapigiana honi.

Jioni ya siku ile bibi alipokitambua kifungo chake, nilisubiri fimbo. Mama akapakua ugali, akanisogezea bakuli la mlenda, akasema hivi hivi:

"Kesho alfajiri, shambani. Sanamu sasa ni wewe. Na bibi akikusalimia, uitikie."