Korongo wa Yakobi

Leo nimepaza sauti mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu nianze sekondari, na nimejuta.

Tulikuwa watano, tunarudi kutoka shule kwa njia ya bondeni, huku kwetu Yakobi. Kando ya shamba la viazi nikamwona korongo taji, yule ndege mwenye manyoya ya dhahabu kichwani. Nilikuwa namjua kwa kitabu tu.

Wenzangu husema ndege ninaowasimulia nawatunga tu. Leo nilitaka wamwone wenyewe.

"Korongo!"

Wote wanne wakaruka nyuma na kukagua nyasi miguuni.

Ndege akapita juu ya vichwa vyao, taratibu kabisa.

"Liko wapi, nisije nikatumbukia?" akauliza kiranja wetu.

"Ameruka."

"Korongo ameruka?" Akacheka mpaka akakohoa. "We profesa, shimo linaruka? Hata ngeli zimekushinda?"

(Kiranja huyu ndiye wa kwanza darasani kwa Kiswahili.)

Sasa hivi kwenye kundi la darasa wananishukuru kwa kuwaokoa. Mmoja ameandika kwamba korongo lenyewe aliliona, na lilikuwa refu sana.

Jamani, nimjibu au ninyamaze?