Mama mkwe kakiona kitanda chetu

Wenye wakwe, nisaidieni haraka!

Tumehamia chumba kimoja hapa Mitwero ili tubane matumizi. Leo mama mkwe katokea Milola bila taarifa, na mke wangu yuko sokoni.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba, baba."

Akasukuma mlango. Macho yakatua kitandani.

Jamani, kwetu mkwe haoni kitanda cha mkwewe!

Akageuka, akatazama barabarani.

Kisha akavua kanga yake ya juu, akaninyooshea bila kunitazama. "Tundika hapo katikati, baba. Ndipo niingie."

Nikatundika.

Sasa kajilaza mkekani upande wa mlangoni, kaziba njia, anakoroma. Mimi niko kitandani nyuma ya kanga, na mkojo umenibana.

Natokaje?